Draiva Isiyo na Mtumiaji: Kwa Nini Kerneli Hupunguzwa, na Nani Huulizwa Kwanza

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilitoa masasisho yake ya kila mwezi ya Windows, na safari hiyo, licha ya kuziba mianya ya kiusalama kama kawaida, ilifuta faili moja lisirudi tena. Faili hilo, ltmdm64.sys, lilikuwa draiva ya modemu za Agere, vile vifaa vilivyounganisha kompyuta na intaneti au faksi kwa kupitia waya wa simu ya mezani. Watu wengi walio na Windows leo hawajapata hata kuishika modemu ya namna hiyo, lakini draiva yake ilikuwamo ndani ya kompyuta zao, imewekwa pamoja na Windows yenyewe. Wavamizi walikuwa wamekwisha kuitumia kasoro iliyomo humo, ambayo ilimwezesha mtu mwenye ruhusa ndogo kujitwalia mamlaka ya msimamizi wa mashine nzima, tena hata pale ambapo modemu haitumiki. Microsoft haikuirekebisha draiva hiyo. Iliiondoa, ikawatangazia wateja kwamba modemu zinazoitegemea hazitafanya kazi tena.

Uamuzi wa namna hiyo huchukuliwa pia katika Linux, tena mara nyingi zaidi na hadharani, kwa kuwa kila kinachofutwa humo hufutwa pamoja na hoja zilizotolewa na jina la aliyependekeza. Linux ndiyo kerneli iliyomo katika simu za Android na katika sehemu kubwa ya seva za intaneti, kwa hiyo kinachoamuliwa huko kinamfikia pia mtu ambaye hajawahi kulisikia jina hilo. Nitaifuata Linux katika makala haya, kwa sababu ndiko ambako mtu anaweza kuona jinsi swali gumu linavyojibiwa: unajuaje kwamba kitu hakitumiki na mtu yeyote duniani?

Kerneli ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayokaa kati ya programu na maunzi. Programu haigusi diski wala kadi ya mtandao moja kwa moja. Inaiomba kerneli, na kerneli ndiyo inayokigusa kifaa. Lakini vifaa ni vingi na kila kimoja kina namna yake ya kuamrishwa, ndiyo maana kerneli hubeba draiva, yaani vipande vya msimbo ambavyo kila kimoja kinajua amri za kifaa fulani au familia fulani ya vifaa. Jambo la kuzingatia ni kwamba draiva hukaa ndani ya kerneli kwa mamlaka yote ya kerneli. Kosa katika programu ya kuchezea muziki huiangusha programu hiyo peke yake. Kosa katika draiva linaweza kuiangusha mashine nzima, au kumpa mgeni funguo zake zote.

Linus Torvalds alipoanza kuiandika Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliiandikia kompyuta yake mwenyewe yenye prosesa ya 386. Toleo la 1.0 la Machi 1994 lilikuwa na mistari 176,250 ya msimbo. Leo msimbo huo una takriban mistari milioni 40, na zaidi ya nusu yake ni draiva.

Hapa inafaa niondoe dhana moja inayowapotosha watu wengi. Mtu akisikia kwamba kerneli ina draiva maelfu asizozihitaji, hudhani kwamba zinaipunguzia kompyuta yake kasi, na wako wanaozifuta moja moja kwa matumaini ya kuifanya iwe nyepesi. Sivyo ilivyo. Katika Linux draiva nyingi hutengenezwa kama moduli, yaani mafaili yanayolala kwenye diski ndani ya saraka ya /lib/modules, na moduli hupakiwa kwenye kumbukumbu pale tu kifaa chake kinapogunduliwa. Moduli isiyopakiwa hula nafasi ndogo ya diski na hakuna zaidi. Gharama ya draiva iliyokufa iko kwingine, na kwa kiasi kikubwa hailipwi na mwenye kompyuta. Inalipwa na wale wanaoitunza kerneli.

Linux ina ahadi moja inayolindwa kwa ukali: programu iliyofanya kazi jana juu ya kerneli lazima ifanye kazi juu ya kerneli mpya. Lakini ahadi hiyo inahusu mpaka wa nje tu. Ndani, kati ya kerneli na draiva zake, hakuna ahadi yoyote. Violesura vya ndani, yaani namna sehemu za kerneli zinavyoitana, hubadilishwa kila inapopatikana njia bora, na sheria ni kwamba anayekibadilisha kiolesura ndiye anayepaswa kurekebisha kila draiva inayokitumia. Mfikirie basi mtaalamu anayeboresha namna kadi za mtandao zinavyopokea data. Akishamaliza kazi yake halisi, anageukia draiva moja baada ya nyingine, na katikati ya draiva za kadi zinazouzwa leo anazikuta za kadi za ISA, aina ya zamani ya kadi za kuchomekwa ndani ya kompyuta, za mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilizoandikwa kwa mtindo ambao hakuna anayeufuata tena. Kadi yenyewe hana. Kompyuta yenye nafasi ya kuichomeka hana. Anachoweza kufanya ni kubadilisha mistari anayodhani inahusika, kuukompaili msimbo, yaani kuugeuza kuwa lugha ya mashine, na kushukuru usipotoa kosa. Kukompaili kunathibitisha tu kwamba sentensi zimefuata sarufi. Hakuthibitishi kwamba zinasema kweli. Baada ya miaka kumi ya marekebisho kama hayo, yanayofanywa na watu mbalimbali ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukiona kifaa, draiva inaweza kuwa imeharibika kabisa na bado ionekane nzima.

Windows ilichagua njia tofauti. Kiolesura chake cha draiva hubaki vilevile kwa muda mrefu, na kwa hiyo draiva ya kampuni ya nje inaweza kukaa miaka mingi bila kuguswa. Hilo ni faraja kwa mwenye kifaa cha zamani, lakini lina gharama yake: draiva isiyoguswa pia haisomwi. Ile ya modemu za Agere haikumsumbua mtu, na nadhani utulivu huohuo ndio ulioiacha na kasoro yake hadi wavamizi walipoifikia. Katika Linux draiva iliyokufa hupiga kelele, kwa maana kila mabadiliko makubwa hulazimisha mtu aifungue na kuitazama, na mtu huyo huuliza, kwa haki kabisa, ni kwa ajili ya nani anafanya kazi hiyo.

Suala la usalama lina uzito wake. Nilisema moduli hulala mpaka ihitajiwe, lakini ni nani anayeamua kwamba inahitajiwa? Kifaa cha USB kinapochomekwa hujitambulisha kwa namba, na kerneli hutafuta moduli inayolingana na namba hizo na kuipakia bila kumwuliza mwenye mashine. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kutengeneza kifaa kidogo kinachojitambulisha kwa namba za kifaa chochote anachotaka, na kwa hiyo ni yeye anayechagua draiva ipi iamshwe. Atachagua iliyosahauliwa. Jambo kama hilo lilidhihirika mwaka 2017 upande wa itifaki za mtandao, ambazo si draiva lakini ni ndugu zake: katika msimbo wa DCCP, itifaki iliyoingizwa kwenye Linux mwaka 2005 na kutumiwa na watu wachache mno, iligunduliwa kasoro iliyopewa namba CVE-2017-6074, ambayo ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujipatia mamlaka yote. Mtumiaji huyo hakuhitaji kuwa na haja yoyote na DCCP. Aliiomba tu, na katika mifumo mingi kerneli ilimpakilia moduli yake. Itifaki hiyo iliondolewa katika toleo la 6.16 la mwaka 2025.

Sasa turudi kwenye swali gumu. Kerneli ya Linux haipeleki taarifa zozote kwa watengenezaji wake kuhusu mashine inamoendeshwa, na ni vyema isipeleke. Hakuna orodha ya watumiaji. Anayetaka kuiondoa draiva anabaki kukusanya ushahidi wa mazingira kama hakimu asiye na shahidi wa macho. Kwanza anaisoma historia ya msimbo: ikiwa kwa miaka kumi au zaidi mabadiliko yote yaliyoigusa draiva ni yale ya jumla yaliyopita kila mahali, na hakuna hata moja linalosema "kifaa changu kiligoma, nimekirekebisha hivi", hiyo ni dalili. Dalili nzito zaidi hupatikana anapogundua kosa linaloifanya draiva isiweze kabisa kufanya kazi, kisha akaona kosa hilo limo tangu matoleo mengi yaliyopita na hakuna aliyelalamika. Hapo ukimya unakaribia kuwa ushahidi kamili, kwa sababu mtumiaji, kama yupo, hatumii kerneli ya hivi karibuni.

Wakati mwingine jibu hutoka nje ya kompyuta. WiMAX, teknolojia ya intaneti isiyo na waya ambayo kampuni kadhaa za Afrika Mashariki nazo ziliiuza kabla ya 4G kuichukulia nafasi, iliingia kwenye Linux mwaka 2009 pamoja na draiva ya kifaa cha Intel kilichowekwa ndani ya kompyuta za mkononi. Kifaa hicho kinaweza kuwa kizima hadi leo katika kompyuta iliyomo mikononi mwa mtu, lakini kina faida gani ikiwa mitandao ya kuungana nayo imezimwa? Msimbo wa WiMAX ulihamishiwa kwanza saraka ya staging na kisha ukafutwa katika toleo la 5.13 la mwaka 2021. Saraka ya staging ilianzishwa mwaka 2008 kuwa chumba cha kusubiri kwa draiva changa ambazo msimbo wake haujafikia kiwango, lakini baadaye ikatumika kwa safari ya kurudi pia: draiva inayoelekea kutoka huwekwa humo kwa matoleo kadhaa, ili mwenye kuihitaji ashtuke na kusema.

Umri peke yake si hoja, na hili napenda lieleweke vizuri, kwa kuwa watu hudhani kwamba kinachofutwa ni kila kilichozeeka. Prosesa za Motorola za familia ya 68000, zilizomo katika kompyuta za Amiga, Atari na Macintosh za zamani, bado zinakubaliwa na Linux, kwa sababu wapo watu wanaozimiliki, wanaojaribu kerneli mpya juu yake, na wanaojibu barua pepe wanapoulizwa. Kwa upande mwingine, mwezi Juni 2018 toleo la 4.17 lilitoka likiwa limeondolewa prosesa za aina nane kwa mkupuo, karibu mistari nusu milioni, kazi iliyoongozwa na Arnd Bergmann. Mojawapo, iliyoitwa metag, ilikuwa imeingia kwenye kerneli mwaka 2013 tu. Ilidumu miaka mitano. Kampuni zilizokuwa zikitengeneza prosesa zao za pekee zilihamia kwa nyingine, hasa ARM, wahandisi waliouandika msimbo wakapewa kazi nyingine, na msimbo ukabaki bila mwenyewe. Kilichoiokoa Amiga na kuiangusha metag ni kuwapo au kutokuwapo kwa mtu.

Hata prosesa aliyoanzia Torvalds mwenyewe haikusamehewa. Toleo la 3.8 la Februari 2013 liliondoa uwezo wa kuendeshwa juu ya 386, baada ya Ingo Molnar, mmoja wa watunzaji wa kerneli, kupeleka viraka, yaani mabadiliko ya msimbo, vya kuufuta. Prosesa hiyo ilikosa amri ambazo zile za baadaye zinazo, mojawapo ikiwa ya kulinganisha na kubadilisha thamani ya kumbukumbu kwa hatua moja isiyokatizwa, na kwa sababu yake msimbo nyeti wa kerneli ulibeba njia za pembeni zilizomtatiza kila aliyeugusa. Mwaka 2025 Molnar huyohuyo alipeleka pendekezo la kuiondoa 486 pia.

Lazima pia tutofautishe kufutwa kwa draiva na kutupwa kwa kifaa. Waliotumia Linux mwanzoni mwa miaka ya 2000 watakumbuka kwamba diski ya kwanza iliitwa /dev/hda, na wa leo wanaiona kama /dev/sda. Jina la kwanza lilitokana na draiva za zamani za diski za IDE, na la pili linatokana na mfumo wa libata, ulioandikwa upya na ambao huendesha diski mpya pamoja na zile za IDE. Kwa miaka mingi mifumo yote miwili ilikaa pamoja katika kerneli. Ile ya zamani ilipofutwa katika toleo la 5.14 la Agosti 2021, zaidi ya mistari 40,000 ilitoka, lakini diski hazikutupwa. Draiva za Amiga na Atari zilikuwa zimekwisha kuandikwa upya ndani ya libata. Huu ndio ufutaji bora kuliko wote, ambapo kazi ngumu hufanywa kabla ya siku ya kufuta.

Mwaka 2019 ilikuwa zamu ya flopi. Aliyekuwa mtunzaji wa draiva yake hakuwa tena na kifaa kinachofanya kazi cha kuifanyia majaribio, na Torvalds akaiandika draiva hiyo kuwa yatima. Wengi walitarajia ingefutwa, lakini kulikuwa na sababu ya kusita: mashine za kuigiza, zile zinazoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine, bado huigiza flopi, kwa hiyo draiva hiyo ilikuwa hai mahali ambapo hakuna flopi hata moja. Baadaye akajitokeza mtu wa kuilea, na imo mpaka sasa.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliyenunua kompyuta ya mtumba ana haki ya kuuliza kama haya yanamgusa. Kwa jumla, hapana. Kompyuta za ofisini za miaka kumi au kumi na mitano iliyopita, ambazo ndizo zinazouzwa madukani Kariakoo au Luthuli Avenue, zina vifaa ambavyo draiva zake zinatumiwa na mamilioni ya watu na hazimo katika mjadala wowote wa kufutwa. Walio hatarini ni wenye vifaa vya pekee: mashine ya maabara inayosomwa kupitia kadi ya ISA, kifaa cha kiwandani kilichofungwa miaka 25 iliyopita, kompyuta ya 486 inayoendesha kazi moja kila siku bila kuguswa. Hao wanaweza kubaki kwa muda kwenye toleo la kerneli linalotunzwa kwa miaka kadhaa, kama walivyofanya watumiaji wa prosesa za Itanium, ambazo ziliondolewa katika toleo la 6.7 la Januari 2024 lakini zimo katika 6.6, toleo la muda mrefu. Hiyo ni nafuu yenye mwisho.

Ninachokiona kuwa udhaifu wa utaratibu huu ni kwamba unawasikiliza waliokwisha kuwa karibu. Tangazo la kuiondoa draiva hutolewa kwa Kiingereza, katika barua pepe za watengenezaji, na fundi wa hospitali ya wilaya ambaye mashine yake inaitegemea draiva hiyo hana sababu ya kuwa miongoni mwa wasomaji wake. Mara nyingi hata hajui kwamba kifaa chake kinaendeshwa na Linux. Sidhani kwamba dawa yake ni kuacha kufuta, maana draiva mbovu inayosemekana kuwepo haimsaidii fundi huyo zaidi ya draiva isiyokuwepo. Dawa, kwa kiasi fulani, iko kwa wale wanaosambaza mifumo iliyojengwa juu ya kerneli, ambao wana wateja wanaojulikana na wanaweza kuwauliza kwa lugha yao kabla siku haijafika.

Anayetaka kuzipunguza draiva katika mashine yake mwenyewe ana njia rahisi kuliko hizi zote. Amri ya lspci -k itamwonyesha kila kifaa cha ndani na draiva inayokihudumia, na lsmod itamworodheshea moduli zilizopakiwa. Zile asizozihitaji kamwe anaweza kuzizuia kwa faili ndani ya /etc/modprobe.d, akijua kwamba neno blacklist huzuia tu kupakiwa kwa sababu ya kifaa kugunduliwa, ilhali mstari wa install unaoelekeza kwenye /bin/false huzuia pia maombi ya modprobe, amri ya kupakia moduli, yanayoitaja moduli yenyewe. Anayejikompailia kerneli anaweza kutumia make localmodconfig, inayobakisha moduli zilizopakiwa wakati huo peke yake. Basi kabla ya kuiendesha na achomeke printa, flashi, kamera na kila anachotumia mara mojamoja, la sivyo atavikosa siku atakapovihitaji.

Na kilichofutwa hakipotei, kwa kuwa historia yote ya msimbo huhifadhiwa na yeyote anaweza kuirudia. Prosesa za H8/300, zilizoanzia kampuni ya Hitachi ya Japani, ziliondolewa katika toleo la 3.13 lililotoka Januari 2014, kwa sababu msimbo wake ulikuwa umeachwa bila matunzo. Mtunzaji wake akarudi na msimbo uliosafishwa, akaombea nafasi yake tena, na toleo la 4.2 la Agosti 2015 likaupokea. Miaka ikapita, msimbo ukaachwa kwa mara ya pili, na katika toleo la 5.19 la Julai 2022 ukaondolewa tena.